Baki la Tatu Kutoka Mwisho

Saa nne asubuhi Shigela alitakiwa achague namba ya rufaa, akasema saba. Hakueleza kwa nini, na hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya wahesabu katika ukumbi wa Chumvini, ameushika mkono wa mkewe Kabula, jasho likimtiririka ingawa ukumbi ule uliochimbwa ndani ya mwamba wa chumvi ulikuwa na baridi mwaka mzima. Kabula alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Namba waliyoichota kapuni juzi yake ilikuwa ubaoni nyuma yao, imeandikwa kwa chaki, tarakimu kubwa ili hata walioketi mwisho wazione: 1,299,963,601.

"Saba imepokelewa," alisema Bi Tunsume, mhesabu mkuu, akavuta karatasi mpya.

Tayari walikuwa wameijaribu namba hiyo kwa kuigawa kwa namba tasa zote tisini na tano zilizo chini ya mia tano, na hakuna hata moja iliyoigawa bila baki. Kisha wakaipima kwa mbili, wakaipima kwa tatu, wakaipima kwa tano, na kila mara ngazi iliishia kwenye moja. Saba ilikuwa nafasi ya mwisho ya nyumba ya Shigela.

Kazi yenyewe ilikuwa ndefu lakini si ngumu. Unachukua saba, unaizidisha kwa yenyewe, unagawa kwa namba ya nyumba, unaandika kilichobaki. Baki hilo nalo unalizidisha kwa lenyewe, unagawa tena, unaandika. Hivyo hivyo hatua thelathini, ambazo kwa pamoja huitwa ngazi, na pale ratiba ya hesabu inapodai unazidisha na saba nyingine. Wahesabu watatu hufanya kila mmoja kwa karatasi yake, bila kuongea, na watu wa ukumbini wanaruhusiwa kusogea na kuchungulia. Hakuna mashine. Waasisi wa Chumvini walisema mashine ina mtu ndani yake, lakini kuzidisha hakuna mtu.

Ilipofika saa nane mchana, Tunsume alimaliza hatua ya thelathini. Akawatazama wenzake wawili, wakatikisa vichwa kumwashiria kwamba wao pia wamefika pale pale. Akatia sahihi chini ya mstari wa mwisho.

"Baki ni moja," akatangaza. "Namba ni tasa."

Mwenyekiti Lubango, mzee mnene mwenye sauti laini, akainuka kwenye kiti chake cha pembeni na kusema maneno ambayo Tunsume aliyasikia kila mwaka kwa miaka kumi na minane: "Hakuna aliyewachagua. Namba haina ndugu wala adui. Zahanati itawapokea ndani ya siku tatu."

Kabula hakulia. Alisogea mezani kana kwamba anataka kuisoma ile karatasi, akainama, akatapika. Uji wa mwani aliokunywa asubuhi, wa kijani na mzito, ukamwagika juu ya karatasi ya Tunsume, ukatiririka hadi kwenye magoti yake. Watu wa safu za mbele wakaziba pua. Shigela akamshika mkewe mabega, akawa anasema, "Samahani, mama. Samahani sana, mama," akimwambia Tunsume, kana kwamba ni wao waliomkosea.

"Si neno, mwanangu," Tunsume alijibu. "Mpeleke akapumzike."

Lakini alikuwa ameshikwa na kinyaa, na alijichukia kwa kinyaa hicho. Alitaka watoke upesi, ukumbi uwe mtupu, aoge.

*

Sheria ilitaka kila karatasi ya hesabu ihifadhiwe safi. Kwa hiyo, baada ya kubadili gauni, Tunsume alirudi ukumbini na ndoo ya maji, akaifuta ile karatasi kwa kitambaa, akaketi kuinakili upya. Harufu haikutoka. Ilikuwa ni harufu ya mwani uliokwisha kuingia tumboni na kurudi, na huko Chumvini mwani ndio uliokuwa kila kitu: chakula, nguo, na pumzi. Tangu hewa ya juu igeuke sumu, watu elfu nne na mia mbili waliishi chini ya ziwa lililokauka, wakivuta hewa iliyotoka kwenye matangi ya mwani kupitia mabomba. Matangi yalitosha watu hao, si zaidi.

Zamani, kabla ya namba, watu walikuwa wakisawazishana wenyewe kwa wenyewe. Ile ndiyo iliyoitwa Miaka ya Mabomba. Nyumba iliyoona jirani ana mtoto wa tatu ilikwenda kwa siri kuziba bomba lake kwa matambara. Watoto thelathini na mmoja walikufa midomo ikiwa ya bluu kabla waasisi hawajaleta kapu. Wakasema: kila nyumba watoto wawili, na mimba ya kwanza ikifika miezi mitatu, nyumba ichote namba ya tarakimu kumi. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe huitwa namba tasa, na nyumba itakayochota namba tasa, nayo iwe tasa. Karibu namba moja katika kila ishirini na mbili za ukubwa huo ndivyo ilivyo, na kiasi hicho kilitosha kusawazisha vichwa na pumzi. Waasisi waliacha mlango mmoja wazi: mtu yeyote, wakati wowote, akisimama ukumbini na kigawo cha namba hiyo mkononi, hukumu inafutika. Ilikuwa imetokea mara kadhaa, na kila mara wahesabu waliiita bahati, wakaendelea na kazi.

Tunsume mwenyewe alikuwa tasa kwa namba. Miaka ishirini na sita iliyopita alisimama pale aliposimama Kabula. Mumewe wa wakati ule aliondoka baada ya mwaka mmoja. Kilichomwokoa na kichaa ni kwamba hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Alijifunza hesabu, akaja kukaa upande wa pili wa meza, na kila alipotangaza hukumu alijiambia kwamba anachofanya ni kusoma tu kilichoandikwa.

Sasa alinakili. Mtu anayenakili hulazimika kuisoma kila hatua, na hilo Tunsume hakuwa amelifanya kwa miaka mingi. Ukumbini jicho lake lilikimbilia mstari wa mwisho. Hatua ya kumi. Hatua ya ishirini. Hatua ya ishirini na nane, kitambaa kilikuwa kimeacha doa la kijani, akasogeza taa: 6,496,208. Hatua ya ishirini na tisa: 1. Hatua ya thelathini: 1.

Kalamu ikasimama.

Milioni sita, laki nne na tisini na sita elfu, mia mbili na nane. Ukiizidisha kwa yenyewe, ukagawa kwa namba ya nyumba, inabaki moja. Aliirudia kwa mkono pembeni mwa karatasi. Ni kweli, ilibaki moja.

Lakini haikupaswa kuwa kweli. Kwa namba iliyo tasa kwelikweli, ziko namba mbili tu zinazoweza kufanya hivyo: moja yenyewe, na ile inayopungua kwa moja tu kuifikia namba ya nyumba. Hakuna ya tatu. Hii ilikuwa ya tatu, imekaa kwenye karatasi yake, juu kidogo ya sahihi yake.

Akili ilimwenda mbio. Namba ikiwa tasa, ngazi huishia kwenye moja. Hilo lina uthibitisho. Waasisi waliligeuza: ngazi ikiishia kwenye moja, namba ni tasa. Mara nyingi sana kugeuza huko hakuleti madhara. Ila ziko namba chache mno, chache kiasi kwamba mtu anaweza kuchota maisha yake yote asiipate hata moja, ambazo zina vigawo na bado zinaishia kwenye moja kwa kila kipimo utakachochagua, ili mradi kipimo hicho hakina kigawo kimoja nazo.

Akatoa moja kwenye lile baki, akapata 6,496,207. Akaanza kutafuta kigawo kikubwa cha shirika kati yake na namba ya nyumba, kwa njia wanayofundishwa watoto: gawa, chukua baki, gawa kilichotangulia kwa baki. Ikabaki 722,201. Ikabaki 718,599. Ikabaki 3,602. Ikabaki 1,801. Kisha haikubaki kitu.

Elfu moja mia nane na moja. Akaigawa namba ya nyumba kwa hiyo, akapata 721,801, na hiyo nayo ikavunjika: 601 mara 1,201. Vigawo vitatu, vyote vikubwa kupita mia tano, vyote vimejificha ng'ambo ya pale ambapo wahesabu huacha kutafuta. Akapunguza moja kwa kila kimoja: 600, 1,200, 1,800. Zote tatu ziligawa namba ya nyumba iliyopunguzwa moja, bila baki. Ndiyo maana ilidanganya kila kipimo. Haikuwa bahati. Namba iliyokaa sawasawa hivyo hutungwa.

Saa ya ukutani ilionyesha kwamba tangu kalamu isimame zilikuwa zimepita dakika kumi na tano.

Kapu lilikuwa bado kwenye kabati la pembeni, lile aliloingizia mkono Kabula juzi huku watu wakimtazama. Kwa sheria liliandaliwa na ofisi ya mwenyekiti kwa kurusha dadu, karatasi mia moja, kila moja na namba yake. Ufunguo wa kabati alikuwa nao. Akalifungua, akachukua karatasi moja iliyokunjwa, akaikunjua.

1,299,963,601.

Akachukua nyingine. 1,299,963,601. Nyingine. Akalimwaga kapu lote sakafuni, akapiga magoti, akawa anakunjua moja baada ya nyingine, na zote tisini na tisa zilikuwa na namba ile ile, kwa mwandiko ule ule wa mviringo alioujua. Alifika kwenye ndoo kwa shida, akatapika ndani ya maji aliyofulia matapishi ya Kabula.

*

Mwenyekiti Lubango alikuwa chumbani kwake, ameketi kitandani, amevua meno yake ya bandia. Alikuwa anayasugua kwa chumvi na kidole, juu ya bakuli. Midomo yake bila meno ilikuwa imezama ndani kama tundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bi Tunsume. Karibu. Utaniwia radhi, nasafisha meno."

Tunsume hakuketi. Aliweka karatasi mbili za kapuni juu ya mto, kando ya bakuli. Lubango akaziangalia, akaendelea kusugua.

"Na kigawo chake ni elfu moja mia nane na moja," Tunsume akasema.

"Ah." Mzee akatabasamu kwa ufizi. "Umekipata mwenyewe? Kwa mkono? Miaka yote hii nilijiuliza kama kuna mmoja wenu atakayeangalia mstari wa juu. Mimi nilivikuta kwenye daftari la mwasisi mmoja, aliyekuwa akizichezea namba hizi kwa kujifurahisha. Ziko thelathini na mbili humo, pamoja na vigawo vyake. Kaa, mwanangu."

"Nitasimama."

"Basi simama." Akachovya meno kwenye maji, akayatikisa. "Unadhani nimemwonea Shigela. Sijamwonea. Kesho Shigela atakuja hapa. Nimekwisha kumtuma mtu akamnong'oneze kwamba mwenyekiti huwa ana huruma. Atapiga magoti hapo ulipo. Atalia kidogo. Mimi nitamwambia nimekesha naitafuta namba yake, na Mungu amenipa kigawo. Keshokutwa anasimama ukumbini, anakisoma, hukumu inafutika, mtoto anazaliwa. Nani ameumia?"

"Unachukua nini kwao?"

"Mimi?" Alionekana kushangaa kweli. "Sichukui kitu! Sijawahi kumwomba mtu hata kikombe cha chumvi. Wananishukuru tu. Wanashukuru sana, Tunsume. Hujui mtu anavyokushika miguu akikushukuru kwa ajili ya mtoto."

Tunsume akawakumbuka watoto wa Chumvini. Lubango wa fundi mabomba. Lubango wa mama muuza chachandu. Lubango mdogo wa matangini, mwenye kengeza, aliyeimba vizuri. Walikuwa kumi na mmoja, na siku zote alidhani ni kwa sababu watu walimpenda mwenyekiti wao. Sasa kila jina lilimjia kama kitu chenye ute. Wazazi wao walijua. Si yote, lakini walijua walipiga magoti wapi, na jioni waliwaita watoto wao kwa jina la mtu yule.

"Kwa nini usiwape namba tasa za kweli," akauliza, "kama unataka tu kuwatisha?"

"Namba tasa ya kweli siwezi kuifungua. Hata Mungu haigawanyi." Lubango akayapachika meno, akayalambalamba yakae sawa, na sauti yake ikarudi kuwa ile laini ya ukumbini. "Hii naweza kuifunga na naweza kuifungua. Ndiyo maana ni ya huruma."

"Na ambao hawakuja kupiga magoti?"

Lubango alitafuta kitu kwa ulimi bila aibu, punje ya chumvi iliyokwama.

"Wako wawili watatu. Watu wana kiburi. Yule mama wa karakana ya taa, Nyamizi, alitumiwa mtu mara mbili. Alisema namba ni namba, yeye hana cha kuongea na mwenyekiti. Mimi nifanye nini? Nimfuate?"

Nyamizi. Tunsume alimkumbuka vizuri. Aliificha mimba kwa nguo pana hadi mwezi wa sita, akaletwa ukumbini kwa nguvu, na hukumu ilipotoka alisimama wima akasema mbele ya watu wote, "Kama ni hesabu, nakubali." Alikwenda zahanati kwa miguu yake mwenyewe. Miaka saba iliyopita. Waliomwamini mtu walipata watoto, na aliyeiamini hesabu alirudi nyumbani mikono mitupu.

"Sasa sikiliza," Lubango akasema. "Wewe ni mtu mzima. Chukua hicho kigawo, kampe Shigela wewe mwenyewe kama unaona kinyaa kwa mkono wangu. Sema ulikipata kwa kunakili. Ni kweli, si ndiyo? Mtoto wa Kabula atazaliwa, na mimi nitaliweka kando daftari, kama litakufurahisha. Lakini ukilimwaga kapu mbele ya watu, hakutakuwa na kapu tena. Nani ataingiza mkono humo? Na bila kapu watarudi kwenye matambara. Mama yako hakuwahi kukusimulia? Midomo ya bluu? Shikilia hilo kabla hujafungua kinywa."

Kilichomchukiza Tunsume kupita meno, kupita ute, ni kwamba maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake.

Aliondoka bila kuaga.

*

Hifadhi ya karatasi ilikuwa chumba kirefu chenye rafu hadi darini. Tunsume alijiambia anakwenda kutafuta karatasi za Nyamizi. Lakini miguu ilimpeleka kwenye rafu ya miaka ishirini na sita iliyopita, na mikono yake ikatoa bahasha ya nyumba yake mwenyewe kabla hajajikataza.

Alitaka iwe ya uongo. Alisimama pale na bahasha kifuani, akaomba, kwa moyo wote, iwe imetungwa. Apate mtu wa kumchukia. Karatasi zilikuwa nne: ya mbili, ya tatu, ya tano, na kumi na tisa aliyoichagua mumewe. Akasoma mistari ya chini ya kila moja. Kabla ya moja, kila mara, likaja baki lililopungua kwa moja tu kuifikia namba yenyewe, au moja ikatanguliwa na moja tangu mwanzo wa hatua za mwisho. Safi. Hakukuwa na namba ya tatu popote. Lubango wakati ule hakuwa hata mwenyekiti. Namba yake ilikuwa tasa, tasa ya kweli, na hakukuwa na mkono wa mtu ndani yake.

Akaketi sakafuni. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Mwanamke aliyeporwa mtoto alikuwa kwenye rafu ya tatu, na yeye alikuja kwanza kutafuta kidonda chake, akasikitika kukikosa.

Bahasha ya Nyamizi ilikuwa nyembamba. 2,301,745,249. Kwenye karatasi ya mbili, ya kwanza kabisa, kulikuwa na baki 12,673,065, na chini yake moja, moja, moja, moja. Moja nne zimepangana. Mtu yeyote aliyesoma mistari mitano ya mwisho angeona. Na chini ya zote, kwa wino mweusi, sahihi ya Tunsume, yenye mkia mrefu aliokuwa akijivunia.

Alifanya hesabu pale pale, karatasi juu ya goti. Kigawo kilitoka ndani ya robo saa, kwa urahisi wa kuchukiza: 1,453.

Akafikiria kile alichosema Lubango. Angeweza kumwokoa Kabula kesho bila kumgusa mtu mwingine. Nyamizi asingejua. Mtu akishakubali, kwa nini umfukue? Chumvini ingelala salama, mabomba yangekuwa wazi. Alilizungusha wazo hilo, akaona kila alipoligusa lilikuwa na unyevu wa midomo ya yule mzee. Ndivyo yeye mwenyewe alivyofanya kazi kwa miaka kumi na minane: kwa kutosoma mstari wa juu ili watu walale salama.

*

Kesho yake saa tatu asubuhi aligonga kengele ya ukumbi. Yeyote aliyekuwa na kigawo mkononi alikuwa na haki ya kengele. Watu wakajaa, wengine na ovaroli zenye majimaji ya matangi. Kabula na Shigela waliketi mbele, Kabula amejifunika kitenge hadi shingoni. Lubango alikuwa kwenye kiti chake. Nyamizi, mwanamke mrefu mwenye makovu ya moto wa taa vidoleni, alisimama nyuma karibu na mlango kama alivyokuwa akifanya siku zote.

Tunsume akaandika ubaoni 1,299,963,601, na chini yake 1,801. Akaigawa mbele yao, polepole, hadi sifuri.

"Hukumu ya nyumba ya Shigela imefutika," akasema. Shigela aliinuka nusu, hakujua akae au asimame. Kabula alifunika uso.

Watu walianza kupiga makofi. Lubango naye alipiga, akitikisa kichwa kwa upole, akimtazama Tunsume kama mtu aliyepewa alichokitaka. Angeweza kuishia hapo. Makofi yale yalimpa nafasi nzuri kabisa ya kuishia hapo.

Akachukua kapu, akalimwaga mezani.

"Njooni mkunjue," akasema. "Kila mmoja achukue moja."

Walikuja wakiwa wanatabasamu. Tabasamu zilikufa kwa zamu, kuanzia walio mezani hadi walio nyuma, kadiri karatasi zilivyopita mkono kwa mkono. Tunsume akasimulia yote, daftari, thelathini na mbili, magoti, kwa sauti iliyokauka. Hakumwangalia mwenyekiti. Alisikia fundi mabomba akisema, "Nyamaza, nyamaza," kisha akaona kwamba alikuwa akijiambia mwenyewe, huku amemziba mwanawe masikio kwa viganja viwili. Mtoto alikuwa anauliza kwa nini wanataja jina lake.

"Mnajua kitakachofuata," Lubango akasema kwa upole bila kuinuka. "Nendeni mkaangalie mabomba yenu." Na kweli wanaume kadhaa walichomoka mbio, na hakuna aliyejua kama wanakwenda kulinda au kuziba. "Tena muulizeni: nani alitia sahihi?"

"Mimi," Tunsume akasema. "Zote za miaka kumi na minane. Na kuna hii."

Aliandika 2,301,745,249. Chaki ilikatika, akaokota kipande, akaandika chini yake 1,453.

Hakuwa na haja ya kutaja jina. Kila mtu Chumvini huijua namba ya nyumba yake kama anavyojua jina la baba yake. Watu walimpisha Nyamizi kabla hajaanza kutembea. Alikuja hadi mbele, akanyoosha mkono bila kumtazama Tunsume usoni, na Tunsume akampa chaki.

Nyamizi akagawa. Hakuwa amezoea, alihesabu kwa midomo, akafuta kwa ngumi, akarudia. Elfu moja mia nne hamsini na tatu katika elfu mbili mia tatu na moja, inaingia mara moja. Shusha saba. Inaingia mara tano. Ukumbi mzima ulisikiliza chaki. Kabula aliinuka, akataka kwenda kumshika, mumewe akamvuta kitenge. Nyamizi alikosea kwenye nane, akagundua mwenyewe, akaifuta. Ilimchukua muda mrefu. Aliposhusha tarakimu ya mwisho, tisa, na kuandika jibu lake, na kutoa, ikabaki sifuri, akaizungushia duara kama wanavyofundishwa shuleni.

Akageuka.

"Wewe ilikuchukua muda gani kukipata?"

Tunsume alijua jibu la kweli, na alijua kwamba jibu lolote lingine lingekuwa na ute ule ule.

"Robo saa, dada."

"Robo saa," Nyamizi akasema.

Tunsume alisubiri apigwe, atemewe mate. Alitamani. Nyamizi alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga, kisha akaacha kumtazama. Akafuta ubao kwa mkono wa gauni, wote, kutoka juu hadi chini, ila ile sifuri aliiacha. Wakati huo watu wawili walikuwa wamemshika Lubango mikono, na mmoja wao alikuwa baba wa Lubango mwenye kengeza. Nyamizi hakuwajali hao pia.

"Leteni nyingine," akasema.

Hakuna aliyejongea. Hawakujua karatasi zilipo. Aliyejua ni mmoja tu, rafu kwa rafu, mwaka kwa mwaka. Tunsume akapita katikati yao, wakivuta nguo zao zisimguse, akaenda kuzileta.